Agosti Mtakuta Vijiti

Nimekulia Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma kwenye barabara ya Iringa, katika nyumba ambayo ada za shule za watoto wote zilitoka kwenye zabibu. Kwa hiyo wadogo zangu waliponikabidhi kazi ya kupanga safari ya baba ya kutimiza miaka 70, sikuona sababu ya kuuliza mtu. Hela ilikuwepo, tulichanga kwenye kundi letu la WhatsApp zaidi ya mwaka mzima. Mahali tulishakubaliana: mashamba ya zabibu ya Cape, Afrika Kusini. Stellenbosch, Paarl na Franschhoek, majina ambayo baba alikuwa anayasikia kwa mabwana shamba na wanunuzi tangu mimi sijaanza shule. Mwezi niliuchagua mwenyewe. Agosti. Zabibu zinavunwa Agosti, nani asiyejua?

Likizo nilishaomba kazini. Tiketi ilikuwa bado kulipiwa tu. Nikapiga simu kwenye nyumba ya wageni huko Paarl kuulizia chumba cha chini, maana magoti ya baba hayapendi ngazi. Mama mwenye nyumba akaniuliza tunakuja kuangalia nini. Nikamwambia mavuno. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole, kama unavyomwambia mtu kwamba amevaa blauzi nje ndani: Agosti mtakuta vijiti.

Niliona aibu peke yangu ndani ya gari. Kwetu Dodoma mzabibu haulali. Hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake: ukipogolea leo, unachipua, unatoa maua, na baada ya miezi minne au mitano unabeba kreti. Ndiyo maana tuna mavuno mawili kwa mwaka, ya Februari na Machi, na ya Agosti na Septemba. Cape iko mbali sana kusini, nyuzi 34 hivi, na kule kuna majira ya baridi kwelikweli. Majani yanapukutika, mzabibu unalala, watu wanapogolea Julai na Agosti mvua ikinyesha, unachipua Septemba, na mavuno yanaanza mwisho wa Januari hadi Aprili. Mara moja tu kwa mwaka. Mtoto wa mkulima wa zabibu nilikuwa tayari kutumia mchango wa familia nzima kumpeleka baba kuangalia miti mikavu kwenye manyunyu.

Basi nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeshalipa?"

"Bado. Safari inahamia Februari."

"Februari nina zabibu."

"Na wao ndiyo wana zabibu, baba."

"Sasa unanipeleka kuangalia zabibu za watu huku zangu zinaoza?"

Tukaachana hapo, na siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu akanipigia mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kwa sababu anaamini vocha ni jukumu la watoto. Alikuwa ameshapata jibu. "Mkasi nitauchelewesha," akasema. Badala ya kupogolea mwanzoni mwa Oktoba, angepogolea mwisho wa mwezi, na zabibu zake zingeiva Machi, akiwa ameshapumzika na safari. Nilipanga mambo mengi kwenye safari ile, lakini hakuna nililolipanga vizuri kama hilo alilolipanga yeye kwa sentensi moja.

Kwa hiyo tulisafiri wiki ya kwanza ya Februari 2025. Treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar, kulala kwangu usiku mmoja, kisha ndege hadi Johannesburg na nyingine hadi Cape Town. Viza Mtanzania haombi kwa matembezi mafupi. Kwenye sanduku la baba, katikati ya mashati, kulikuwa na chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Dodoma aliyoivingirisha kwenye kanga ya marehemu mama. Nilimuuliza ya nini. Akaniambia hajawahi kwenda kwa mkulima mwenzake mikono mitupu. Nikaangalia sheria za forodha kwa haraka: mtu mzima anaruhusiwa kuingia na lita 2 za mvinyo bila ushuru. Chupa ikapita.

Kosa langu la pili lilitusubiri uwanja wa ndege. Gari la kukodi nilishaweka nafasi mtandaoni, nikiwa na raha kwamba kule nao wanaendesha kushoto na leseni yangu ina Kiingereza. Dirishani nikaambiwa dhamana ya gari inazuiliwa kwenye kadi ya krediti tu, yenye jina la dereva. Mimi nina kadi ya kawaida ya benki, ile inayotoa hela iliyopo. Ina pesa, nikamwambia. Hapana. Ingia tovuti yao, ukasome masharti hadi mstari wa mwisho. Ndivyo nilivyofanya, lakini nikiwa nimekaa juu ya sanduku, tayari nimechelewa. Ukiwa na kadi kama yangu, uliza hili kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Mama wa Paarl ndiye aliyetuokoa tena. Alitutumia dereva anayemjua, mzee wa rika la baba, aliyezaliwa mashambani humo humo. Tukapatana bei ya siku nne. Nikipiga hesabu sasa, ile kampuni ilinifanyia hisani bila kujua. Huwezi kwenda sehemu ambayo kila kilomita mbili kuna mlango wa kuonja mvinyo, halafu dereva ni wewe. Kiwango cha sheria kilikuwa chini ya gramu 0.05 za pombe kwa mililita 100 za damu, na glasi za kuonja zinadanganya: kidogo kidogo, ukihesabu mara sita, umekunywa. Asiyetaka dereva, Franschhoek kuna tramu na mabasi yake yanayokuzungusha shamba hadi shamba, unashuka na kupanda upendavyo, ila tiketi inanunuliwa mapema, hasa msimu wa mavuno.

Ratiba yangu ya kwanza, ile niliyoichapa na kuitia kwenye faili la plastiki, ilikuwa na mashamba matano kwa siku. Naicheka hadi leo. Kwenye ramani miji ile mitatu ni kama mafiga: kutoka mmoja hadi mwingine ni kilomita 30 hivi, nusu saa au zaidi kidogo. Unaona inawezekana. Usichokiona kwenye ramani ni kwamba kila kona ya barabara ya Helshoogte, inayopanda kutoka Stellenbosch kwenda upande wa Franschhoek, mzee wako atataka gari lisimame. Ile milima ya mawe ya kijivu inasimama wima nyuma ya mashamba kama ukuta wa nyumba ambayo bado haijapakwa chokaa, na mizabibu inapanda hadi miguuni kwake, mistari imenyooka utadhani imechorwa kwa rula. Siku ya kwanza tulifika mashamba mawili. Siku zote zilizofuata nikapanga mawili, moja asubuhi na moja baada ya chakula cha mchana, na ndiyo hesabu ninayompa kila anayeniuliza. La tatu huonji tena, unakunywa tu.

Kuonja kwenyewe kulileta mtihani. Wanakupangia glasi tano au sita, wanamimina kidogo, na pembeni kuna kopo la kutemea. Binti aliyetuhudumia akaeleza: unanusa, unazungusha mdomoni, unatema. Nikamtafsiria baba. Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi.

"Mwambie jasho la mtu halitemwi."

Nikamwambia yule binti, akacheka hadi akaweka chupa chini. Baba akanywa zote, taratibu, bila kutema hata tone, na shamba la pili siku hiyo akalala kwenye benchi chini ya mwaloni huku mimi nikisikiliza maelezo ya mapipa.

Lakini kitu kimoja nilikifanya sawasawa, na sikukijua thamani yake hadi tulipofika. Wiki sita kabla nilikuwa nimeandika barua pepe kwa mashamba sita. Sikuomba punguzo. Niliandika kwamba baba yangu analima zabibu Tanzania tangu ujana wake na angependa kuona mavuno. Wanne hawakujibu. Wawili walijibu siku hiyo hiyo. Mmoja wao, shamba la familia upande wa Paarl, alitupokea saa moja asubuhi, mtengeneza mvinyo mwenyewe, akiwa na buti zenye matope ya maganda ya zabibu na macho mekundu ya kukosa usingizi. Huo ni msimu wao wa kutolala. Akatupeleka moja kwa moja nyuma, mahali ambapo trela zinamwaga.

Hapo baba akawa mtu mwingine. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini ulimi wa shamba haukuhitaji sana mkalimani. Alichukua kichala, akakigeuza, akapekua katikati pale ambapo ukungu hupenda kujificha. Hakuna. Akachukua kingine. Hakuna. "Wanapiga dawa mara ngapi?" Nikauliza, nikamjibu, hakuamini. Ndipo ilipoanza darasa ambalo mimi sikulitegemea. Kwetu mavuno ya mwanzo wa mwaka yanagongana na mvua. Zabibu inaiva huku inanyeshewa, na ubwiri unaingia usiku mmoja. Unaweza kulala una tani, ukaamka una hasara. Cape mvua yao inanyesha wakati mzabibu umelala. Unapoiva, mbingu kavu. Juu ya hayo wana upepo wa kusini mashariki wa kiangazi, wenyewe wanauita Daktari wa Cape, unaovuma siku nzima na kukausha majani. Nikamwambia baba ni kama kusi. Akavua kofia, akaacha upepo umpige upara. "Huu upepo," akasema, "ungeuzwa kwa gunia ningenunua."

Kisha akaona jina la aina ya zabibu kwenye ubao: Chenin Blanc. Hiyo anaijua, hata kwetu imepandwa. Kwao ndiyo zabibu nyeupe waliyonayo kwa wingi kuliko zote. Yule mtengeneza mvinyo akatupeleka kwenye shamba lake la zamani, mizabibu isiyo na waya wala nguzo, kila mmoja umesimama wenyewe kama kichaka, shina nene kuliko mguu wangu. Kule mizabibu iliyovuka miaka 35 inaandikishwa, na chupa yake inawekwa muhuri wenye mwaka wa kupandwa. Baba alilishika shina muda mrefu. Yetu haifiki huko, akasema. Akakaa kimya, kisha akatoa nadharia yake: tunaivunisha mara mbili kwa mwaka, haipati pa kupumzika, inachoka kama ng'ombe wa kukamuliwa bila kupumzishwa. Sijui kama wataalamu watakubaliana naye. Mwenyeji wetu alitikisa kichwa kukubali, ingawa labda ilikuwa adabu.

Chupa ya Dodoma ilitolewa kwenye kanga hapo hapo, juu ya boneti ya gari la shamba. Ikafunguliwa saa tatu asubuhi. Mwenyeji akanusa, akazungusha, na nikaona anageuka kutafuta pa kutema, akakutana na macho ya baba. Akameza. Akauliza ni zabibu gani. Makutupora nyekundu, nikasema, jina la kituo cha utafiti kilicho nje ya Dodoma. Hakuwahi kuisikia. Akaniomba nimwandikie, akaiweka karatasi mfukoni mwa shati. Kwamba aliupenda au la, sikuuliza, na baba naye hakuuliza. Alichouliza ni bei. Mkulima asiye na kiwanda anauza wapi? Maana kwetu zabibu zikikosa mnunuzi unakamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa bei atakayotaja mwenye matangi. Akajibiwa kuhusu vyama vya ushirika vyenye viwanda vyao, vilivyojengwa na wakulima wenyewe miaka mingi iliyopita, na kuhusu kupimwa sukari kwanza ndipo bei ipangwe. Akaambiwa pia kwamba wakulima wengi wanang'oa mizabibu kwa sababu hailipi. Hilo lilimfurahisha kidogo, nadhani. Si kwa ubaya. Alifurahi kwamba hata hapo penye milima mizuri hivyo, mkulima analalamika bei.

Siku ya tatu tulikuwa na nafasi ya chakula kwenye shamba moja kubwa lenye bustani, mahali ambapo meza inashikwa wiki nyingi kabla. Tulichelewa, kwa sababu ya dereva. Alisimamisha gari Pniel, kijiji kidogo chini ya mlima, kwenye barabara hiyo hiyo ya Helshoogte, akasema hapa ndipo kwao mama yake. Pniel ilianzishwa 1843 kama kituo cha misheni kwa watu waliotoka utumwani. Utumwa ulifutwa pale 1834, lakini watu walilazimishwa kubaki kwa mabwana zao miaka minne zaidi, hadi Desemba 1838. Mashamba yale mazuri, yale majumba meupe yenye vilemba vya mapambo juu ya milango, yalilimwa na kujengwa na watu walioletwa kwa meli kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Kwenye mashamba ya zamani bado utaiona kengele iliyokuwa ikiwaita kazini, imening'inia kati ya nguzo mbili nyeupe, watalii wanapigia picha.

Dereva akasimulia na ya karibu zaidi. Babu yake, na baba yake pia, walikuwa wanalipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, kikopo asubuhi, kikopo mchana, kikopo jioni. Utaratibu huo wanauita dop. Sheria iliukataza, lakini uliendelea kichinichini miaka mingi, na ulevi ulioachwa na utaratibu ule bado upo vijijini. Nilitafsiri polepole. Baba hakusema kitu hadi tulipopita kundi la wavunaji wanarudi wamekaa nyuma ya trekta, wanawake wengi, vitambaa kichwani, kama shangazi zangu. Akaniomba niulize wanalipwa nini. Kima cha chini cha sheria wakati ule kilikuwa randi 27.58 kwa saa, karibu shilingi 4,000 zetu. "Kwa saa?" akauliza baba, akaanza kupiga hesabu ya vibarua wake kwa vidole. Dereva akacheka, akamtajia bei ya mkate na kodi ya chumba. Vidole vikatulia.

Chakula chenyewe kilikuwa kizuri, sikumbuki sana. Nakumbuka kwamba saa moja jioni jua bado lilikuwa juu ya milima na baba akawa ananiuliza kila baada ya dakika tano kama saa yangu imesimama. Kule jua la Februari linazama karibu saa mbili.

Siku ya mwisho aliomba jambo moja ambalo halikuwa kwenye faili langu. Gereza alilotokea Mandela. Mimi akilini nilikuwa na kisiwa cha Robben, na sikuwa nimepanga kwenda Cape Town mjini. Kumbe siku ile ya 11 Februari 1990 alitembea kutoka gereza la Victor Verster, ambalo sasa linaitwa Drakenstein, kati ya Paarl na Franschhoek, na mizabibu imelizunguka. Tulikuwa tumelipita mara mbili bila kujua. Getini kuna sanamu yake, ngumi juu. Baba alisimama chini yake kwa shati lake la Jumapili, nami nikapiga picha ambayo sasa ndiyo iko sebuleni Mpunguzi. Picha zangu za mapipa na glasi hazikupata ukuta.

Kabla ya kuondoka alinunua Paarl, kwenye duka la pembejeo, mkasi wa kupogolea wenye mpini mwekundu, ghali kuliko viatu vyangu. Akaubeba kwenye mkoba wa mkononi ili usipotee. Mnaweza kukisia kilichotokea kwenye mashine ya ukaguzi. Mizigo mikubwa ilishaingia, na mkasi ukabaki kwenye kapu pamoja na viwembe na chupa za maji za watu. Kuangalia mkoba wa mzee kabla ya kufika pale ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya.

Zabibu zake alizivuna Machi kama alivyopanga, ubwiri ukachukua sehemu, bei ikawa ile ile. Agosti nikaenda nyumbani kwa wiki moja. Tukiwa tumekaa barazani ikaingia picha kutoka kwa mama wa Paarl: ukungu, milima haionekani, na mistari ya vijiti vyeusi inakwenda hadi inapotelea. Watu watatu wamevaa makoti ya mvua, wameinama, mikasi mkononi. Nikampa baba simu aone jinsi nilivyotaka kumpeleka.

Akavaa miwani. Akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, kulia, akarudi katikati.

"Wanaacha macho mawili tu," akasema, yaani yale yanayochipua kwenye tawi. "Unaona? Mawili. Sisi tunaacha mengi mno." Akaendelea kuangalia. "Hii ndiyo ungenipeleka kuiona. Kuvuna hata mtoto anajua."

"Agosti na wewe una zabibu, baba."

"Mkasi nitauchelewesha. Na ule mwingine nitanunua huko huko."

Jioni hiyo hiyo nikamwandikia mama wa Paarl kumuuliza kama chumba cha chini kitakuwa wazi.